Kuuza Picha kwa Gazeti

Chukua gazeti lo lote lililo karibu nawe. Likiwa la zamani, hata lile la kufungia maandazi, haidhuru. Tazama picha moja iliyo ndani yake. Chini ya picha utaona maneno machache yenye herufi ndogo. Yasome polepole. Yanakuambia ni nani aliye katika picha, anafanya nini, na yuko wapi. Mwishoni, mara nyingi ndani ya mabano, utaona maneno "Picha na", kisha jina la mtu. Huyo ndiye aliyepiga picha hiyo.

Watu wengi hudhani kwamba mtu huyo lazima awe mfanyakazi wa gazeti, mwenye ofisi mjini na mshahara wa kila mwezi. Wengine ndivyo walivyo. Lakini wengine hawana mshahara. Wanakaa mikoani na wilayani, wana shughuli zao nyingine, na gazeti huwalipa kwa picha iliyotoka. Picha isiyotoka hailipwi. Watu hao huitwa wapiga picha wa kujitegemea. Hapa tutaeleza jinsi kazi yao inavyokwenda, ili wewe mwenye simu au kamera uweze kuijaribu ukipenda, na ukiijaribu usidanganywe.

GAZETI LINAKUHITAJI KWA NINI?

Magazeti makubwa ya Kiswahili ya Tanzania, kama Mwananchi, Nipashe, Habari Leo na Uhuru, hutoka Dar es Salaam. Taifa Leo la Kenya hutoka Nairobi. Wapiga picha wao wenye mshahara ni wachache, na hawawezi kuwa kila mahali.

Tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang, yakaingia katika mji mdogo wa Katesh, mkoani Manyara. Watu wengi walikufa, na wengine wakapoteza nyumba na mifugo. Kutoka Dar es Salaam hadi Katesh ni safari ya siku nzima kwa gari. Asubuhi ile, waliokuwapo ni wenyeji.

Hapo ndipo penye nguvu yako. Mpiga picha wa mjini ana kamera nzuri kuliko yako, na amesomea kazi yake. Lakini hayupo kijijini kwenu. Hajui kwamba daraja lenu limeoza, wala hajui siku ya mnada, wala hajui kwamba watoto wa kitongoji cha ng'ambo huvua viatu kila asubuhi ili wavuke mto waende shule. Wewe unajua.

Wala usingoje maafa. Mwaka 2017 serikali ya India ilizuia mbaazi nyingi kuingia nchini mwake, na wakulima wengi wa Tanzania wakakosa soko. Uamuzi huo ulifanywa mbali sana. Lakini picha yake ilikuwa katika ghala la mkulima: magunia yamelundikana hadi darini, na mwenye mali ameketi mlangoni. Mhariri aliyeko mjini anaweza kuandika habari ya bei akiwa mezani pake. Picha ya ghala lile hawezi kuipata asipoletewa na mtu wa huko.

Mmoja wa wapiga picha mashuhuri wa Afrika Mashariki hakungoja kuajiriwa. Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam. Alianza na kamera angali mtoto, akauza picha kwa magazeti angali kijana. Mwaka 1963 alianzisha kampuni yake ya picha, Camerapix, hapo Dar es Salaam. Mwaka 1964 alipiga picha za Mapinduzi ya Zanzibar. Mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia zilionyeshwa katika televisheni za nchi nyingi, na watu wengi wakaguswa, wakatoa misaada. Alikufa mwaka 1996 katika ajali ya ndege iliyotekwa nyara, karibu na visiwa vya Komoro. Si lazima uwe kama yeye. Picha mbili tatu kwa mwezi zinaweza kukununulia daftari za watoto na vocha ya simu, na hilo si dogo.

PICHA YA GAZETI SI PICHA YA HARUSI

Kijijini tumezoea picha za namna moja. Mpiga picha husema, "Simameni vizuri." Watu hujipanga mstari, hunyoosha mikono, hutazama kamera na kukaza uso. Picha hiyo ni nzuri kwa kuwekwa ukutani. Kwa gazeti haifai, maana haielezi jambo lo lote. Aliyeitazama hujua tu kwamba watu walisimama.

Gazeti linataka kuona kazi ikifanyika. Tuseme kisima cha kijiji kimeharibika, na akina mama wanafuata maji mbali. Ukiwapanga akina mama kando ya kisima, umepata picha ya akina mama. Lakini ukiamka mapema ukamngoja mmoja wao mtoni, ukampiga anapoinama kuchota maji ya tope kwa kata, na ndoo yake iko pembeni, na ng'ombe wanakunywa nyuma yake, umeeleza habari nzima. Msomaji wa Mbeya au wa Tanga ataelewa hata kabla ya kusoma.

Kwa hiyo sogea karibu. Kosa la wanaoanza ni kusimama mbali ili kila kitu kiingie. Kila kitu kikiingia, hakuna kinachoonekana. Kama unatumia simu, tembea kwa miguu yako umsogelee mtu. Usikuze picha kwa vidole, kwa sababu ikikuzwa hivyo hupoteza ung'avu wake. Futa kioo cha kamera kwa kitambaa laini kabla ya kupiga. Simu inayokaa mfukoni na unga wa sembe haiwezi kutoa picha safi.

Angalia jua pia. Jua likiwa nyuma ya mtu, uso wake hutoka mweusi kama kivuli, na mhariri ataitupa picha. Jua la saa sita mchana hutia giza machoni, hasa mtu akivaa kofia. Asubuhi na jioni ndiyo mwanga mzuri. Ikibidi kupiga mchana, mwombe mtu aingie kivulini.

Piga picha nyingi za jambo moja: ya karibu, ya mbali kidogo, iliyolala na iliyosimama. Mhariri hupenda kuchagua, maana hajui mapema nafasi ya ukurasa itakuwa na umbo gani. Lakini usimtumie zote. Mpe tatu zilizo bora.

Na picha ya mgeni rasmi akikata utepe? Magazeti hupata nyingi sana za namna hiyo. Zipo ofisi zinazozituma bure. Kama mgeni rasmi amekuja kuzindua zahanati, mwache akate utepe wake. Wewe ngoja. Mgonjwa wa kwanza atakapoingia mlangoni, hiyo ndiyo picha.

MANENO YA CHINI YA PICHA

Hapa ndipo kusoma na kuandika kunapokuwa fedha. Picha bila maneno ni kama barua isiyo na anwani. Mhariri akipokea picha nzuri ya mto uliofurika, bila kujua ni mto gani na siku gani, hawezi kuitoa. Hana muda wa kukutafuta. Jioni gazeti linakwenda mtamboni.

Nunua daftari dogo liingialo mfukoni. Kila upigapo picha, andika papo hapo: nani, anafanya nini, wapi, lini, na kwa nini. Usiseme nitakumbuka. Mwombe mtu akutajie jina lake herufi kwa herufi. Mtu akiitwa Mwajuma ukaandika Mwanajuma, umempa mtu mwingine picha yake. Uliza pia kitongoji, kijiji, kata na wilaya, kwa sababu vijiji vingi nchini vina majina yanayofanana.

Sasa tazama tena maneno ya chini ya picha katika gazeti lako. Utaona kwamba mengi huandikwa kwa namna ileile. Hayasemi "anachota" wala "alichota". Husema "akichota". Kwa mfano:

"Mkazi wa Kijiji cha ........., Wilaya ya ........., akichota maji mtoni jana, baada ya kisima cha kijiji hicho kuharibika tangu mwezi uliopita."

Fanya mazoezi ya kuandika hivyo. Sentensi moja hutosha, mbili zikizidi sana. Usiweke maoni yako. Ukiandika "kisima kimeharibika kwa uzembe wa viongozi", umeshtaki watu, nawe utatakiwa kuthibitisha. Andika unalolijua: kisima kiliharibika lini, na mwenyekiti wa kijiji amesema nini ulipomwuliza. Mhariri akitaka kujua zaidi atakupigia simu.

JIRANI YAKO NDANI YA PICHA

Mwandishi wa mjini akimaliza kazi hupanda gari akaondoka. Wewe hubaki. Yule mama uliyempiga picha utakutana naye kesho kisimani, na keshokutwa msibani. Hilo ni jambo kubwa katika kazi hii, na si watu wote wanaolifikiria.

Nyumba ya jirani ikiungua, kwanza zima moto. Mtu akizama, weka simu chini umwokoe. Hakuna gazeti litakalokulipa heshima utakayopoteza ukionekana unapiga picha wakati wenzako wanabeba maji. Baada ya hapo, ukitaka kumpiga picha mwenye nyumba, mwombe. Mwambie wazi kwamba picha itakwenda gazetini na watu wasiomjua wataiona. Akikataa, amekataa. Unaweza kupiga ukuta uliobaki na vyombo vilivyookolewa, ukamwacha yeye.

Usitoe picha ya uso wa mtoto aliyetendewa ubaya, wala ya mtoto aliye katika kesi. Usipige maiti ukazituma huku na huku. Mgonjwa hospitalini ana siri yake, na hospitali ina wakubwa wake. Omba ruhusa kwao wote wawili. Kambi za jeshi na magereza usizipige kabisa bila ruhusa, hata kama umesimama barabarani. Watu wamekamatwa kwa jambo hilo.

Tena usitengeneze uongo. Usimwambie mtoto alie. Usitume picha ya mafuriko ya mwaka jana ukasema ni ya jana. Usiifute wala kuiongeza sehemu ya picha kwa programu ya simu. Siku hizi programu hizo zinaweza kutengeneza hata mtu asiyekuwapo, na wahariri wamekuwa waangalifu. Ukigunduliwa mara moja, jina lako limekwisha kwa gazeti lile, na wahariri huambiana.

Kuna uongo mwingine wa kimya. Mtu anakupa bahasha yenye fedha ili utume picha yake, au ili usitume picha ya lori lake linalobeba magogo usiku. Wapo wanaopokea na kusema ni nauli tu. Mimi naona kwamba aliyekulipa ndiye tajiri wako. Ukilipwa na mwenye lori, huwezi tena kusema unafanyia gazeti kazi.

KUTUMA PICHA

Zamani mpiga picha wa mkoani alitoa filamu katika kamera, akaifunga vizuri, akaipeleka stendi, akamkabidhi kondakta wa basi. Filamu moja ilikuwa na picha 36, na ikipotea njiani, kazi yote imepotea. Leo picha hufika kwa dakika chache kwa njia ya simu. Lakini wako wanaoiharibu wakati wa kuituma.

Picha ya simu imeundwa kwa nukta ndogo ndogo nyingi mno. Kamera ya megapikseli 12 hutoa picha yenye nukta 4,000 kwa upana na 3,000 kwa urefu. Mtambo wa kuchapia hutaka nukta nyingi, kama 300 katika kila inchi moja, ili picha ionekane vizuri kwenye karatasi. Picha yako ikiwa kamili, yaweza kuchapwa kwa upana wa inchi 13. Lakini ukiituma kwa WhatsApp kama unavyowatumia ndugu zako, WhatsApp huipunguza ili iende haraka. Katika kioo cha simu utaiona ni nzuri. Katika gazeti itakuwa na ukungu. Itume kama faili, kwa alama ileile ya kutumia hati, au itume kwa barua pepe. Maneno ya chini ya picha yaandike katika ujumbe uleule, pamoja na jina lako na namba ya simu.

Usiiweke kwanza katika makundi ya WhatsApp. Ikishazunguka kwa watu wote, gazeti litanunua nini? Na baada ya saa chache utaiona kwa mtu mwingine, akidai ni yake. Baki na picha halisi katika simu au kadi yako, wala usiifute hata ikishatoka.

HAKI YAKO NA FEDHA YAKO

Katika Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi za wasanii na watunzi, na picha zimo. Aliyepiga picha ndiye mwenyewe, isipokuwa kama ameajiriwa kuipiga au amekubali vinginevyo. Hilo "amekubali vinginevyo" ndilo la kuangalia.

Gazeti linaweza kukuletea karatasi utie sahihi. Isome yote. Usione haya kusoma polepole mbele ya mtu, na ukiona inafaa, omba uende nayo nyumbani. Tafuta maneno kama "haki zote". Ikiwa imeandikwa kwamba unatoa haki zote za picha, maana yake gazeti laweza kuitoa tena mwaka kesho, au kumwuzia mtu wa kalenda, bila kukupa senti. Ikiwa imeandikwa kwamba picha itatumika mara moja, picha inabaki yako. Unaweza kukubali lo lote kati ya hayo, maadam umejua unalolikubali, na bei ya haki zote iwe kubwa zaidi. Aliyetia dole gumba bila kusoma hakuwa na nafasi hiyo.

Uliza bei kabla ya kutuma picha ya pili. Uliza pia malipo hutolewa lini, maana magazeti mengi huhesabu picha zilizotoka kisha hulipa mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi wenyewe huweza kuchelewa. Andika katika daftari: tarehe uliyotuma, picha gani, tarehe iliyotoka, ukurasa gani. Kata kipande cha gazeti ukihifadhi. Ukienda kudai, usiende na maneno matupu.

Dai pia jina lako. Wakati mwingine utaona picha yako imetoka na chini yake pameandikwa "Na Mpigapicha Wetu". Hapo hakuna atakayejua ni wewe. Mpigie mhariri kwa adabu, mwombe picha ijayo itoke na jina. Mhariri wa gazeti jingine akikuuliza umefanya kazi gani, vile vipande vyenye jina ndivyo cheti chako.

Kama unataka kuifanya kazi hii siku zote, fahamu kwamba Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inamtaka mwandishi wa habari awe na ithibati na kitambulisho, na wapiga picha wa habari wanahusika. Uliza masharti katika klabu ya waandishi wa habari ya mkoa wako. Hapo pia utawakuta wenzako, na hao watakuambia upesi ni gazeti gani hulipa na lipi huzungusha watu.

BARUA YA KWANZA

Anwani na simu ya mhariri huandikwa ndani ya gazeti lenyewe, mara nyingi katika ukurasa wa maoni. Unaweza kuanza kwa barua, au ujumbe, kama huu:

"Ndugu Mhariri,
Mimi ni ........., mkazi wa Kijiji cha ........., Wilaya ya ......... Ninapiga picha za habari za wilaya hii. Nakuletea picha tatu za wanafunzi wakivuka mto kwenda shule, baada ya daraja kuchukuliwa na maji tarehe ......... Nimezipiga mwenyewe na sijazitoa kwa gazeti jingine. Wazazi wa wanafunzi wamekubali. Maelezo ya kila picha yameambatanishwa. Ukizitumia, naomba zitoke kwa jina langu, na unijulishe kiasi cha malipo yake. Nitafurahi kujua picha za namna gani mnazihitaji kutoka huku.
Wako, ........."

Barua hiyo ni fupi, na inamweleza mhariri kila analotaka kujua. Usiitume kwa magazeti mawili kwa siku moja. Picha ya habari huchacha kama maziwa, kwa hiyo siku mbili zikipita bila jibu, piga simu uulize. Ukiambiwa haifai, uliza kwa nini, andika jibu katika daftari, kisha ipeleke kwa gazeti jingine.